Akaunti moja ya wote au kila mtu na yake? Ulinganisho kwa wanaotumia kompyuta moja

Kompyuta nyingi za mtumba huja na akaunti moja tu, imeandikwa "User", "Admin" au jina la kampuni iliyotengeneza mashine. Fundi akishaweka Windows anaunda akaunti hiyo, anaiacha bila nywila ili mteja asisumbuke, kazi imekwisha. Mashine ikienda kwa mtu mmoja, hakuna neno. Ikienda steshenari, sebuleni kwa watoto watatu, kwenye ofisi yenye watumishi wanne au chumba cha kompyuta cha sekondari, baada ya miezi michache hakuna anayejua faili lipi ni la nani, na barua pepe ya mtu aliyeacha kazi bado inafunguka yenyewe kila asubuhi.

Msimamo wangu niutoe mapema. Akaunti ya pamoja inafaa pale ambapo haikumbuki kitu cha mtu yeyote. Akaunti ya binafsi inafaa pale ambapo kukumbuka ndiyo kazi yenyewe. Wengi wanaumizwa na kitu cha katikati: akaunti ya pamoja inayokumbuka kila kitu, tena yenye mamlaka ya msimamizi, yaani ya kuweka programu na kubadilisha chochote kwenye mashine. Hiyo ndiyo iliyopo kwenye kompyuta nyingi sasa hivi.

Akaunti inabeba nini

Fungua diski C, ingia folda ya Users. Kila akaunti iliyowahi kuingia kwenye mashine ina folda yake humo. Ndani yake kuna Desktop, Documents, Downloads, Pictures, na folda iliyofichwa iitwayo AppData, ambamo Chrome, WhatsApp na programu nyingine huweka mambo yao: historia, nywila zilizohifadhiwa, akaunti zilizoachwa wazi. Kuna pia faili la NTUSER.DAT linalotunza mipangilio ya mtumiaji huyo. Mtu mpya akiingia mara ya kwanza, Windows inamtengenezea folda yake kwa kunakili kielelezo kiitwacho Default, ndiyo maana unasubirishwa kidogo siku hiyo.

Pembeni ya hizo kuna folda ya Public. Yeyote mwenye akaunti kwenye mashine anaweza kusoma yaliyomo, kuongeza na hata kufuta. Hapa ndipo mambo ya pamoja yanapotakiwa kukaa, na ajabu ni kwamba watu wengi hawajawahi kuifungua. Ukipeleka faili huko, ulinakili badala ya kulikata na kulibandika, kwa sababu wakati mwingine faili lililokatwa hubaki na ruhusa za mwenyewe na wenzako wanakataliwa kulifungua.

Akaunti ya kawaida haiwezi kuchungulia folda ya mwenzake. Ya msimamizi inaweza. Windows itauliza kama uendelee, ukibofya ndiyo, umo. Kwa hiyo ukiwapa watu watano akaunti tano na zote ukazifanya za msimamizi, umebadilisha picha za ukutani tu.

| | Akaunti moja ya wote | Kila mtu na yake |
|---|---|---|
| Nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome | Kila anayejua PIN ya kompyuta anaweza kuzitazama | Mwenyewe tu |
| Kujua nani alifuta au alibadilisha | Haiwezekani | Walau jina la aliyeingia na saa vinabaki |
| Nafasi ya diski | Ndogo | Kila akaunti inakula yake, mara nyingi gigabaiti kadhaa |
| Kuanza kazi | Mara moja | Kutoka na kuingia kila zamu |
| Mtu akiondoka | Vitu vyake vimechanganyika na vya wengine | Unafuta akaunti moja |

Mstari wa kwanza wa jedwali unahitaji maelezo. Chrome kwenye Windows hufunga nywila zake kwa kutumia akaunti ya Windows yenyewe. Ukitaka kuzitazama, inakuomba PIN au nywila ya kompyuta. Kwenye akaunti ya pamoja PIN hiyo wanaijua wote, pengine imebandikwa kwenye skrini kwa karatasi ya njano. Kwa hiyo ulinzi upo, lakini ninyi nyote mliotaka kulindana mna ufunguo.

Steshenari na saiba

Hapa ndipo jambo lilipo gumu, kwa sababu mtumiaji mkubwa ni mtu usiyemjua.

Chukua steshenari iliyo jirani na chuo. Dirisha la maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Tanzania, likifunguliwa, mwanafunzi anafika na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), kitambulisho cha mdhamini, picha, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo. Vyote vinaskaniwa, vinawekwa Desktop, vinapakiwa kwenye mfumo. Barua pepe yake inafunguliwa kwenye Chrome ya duka ili kupokea ujumbe. Anaondoka. Vyeti vimebaki, barua pepe iko wazi, na anayekaa kwenye kiti baada yake anaona vyote. Kenya ni hivyo hivyo kwenye saiba msimu wa maombi ya vyuo (KUCCPS) na ya mikopo (HELB), au mwezi wa Juni watu wanapokimbizana na marejesho ya kodi ya KRA.

Huwezi kumfungulia akaunti kila anayepita njia. Kwa hiyo akaunti ya pamoja ndiyo jibu kwa wateja, ila isiwe ile ile ya duka. Kinachotakiwa ni akaunti tatu. Moja ya msimamizi, ya mwenye duka, inayofunguliwa siku ya kuweka programu au printa mpya tu. Ya pili ya mhudumu, ya kawaida, yenye nywila; wahudumu wakiwa wawili wa zamu, kila mmoja apewe yake. Ya tatu iitwe Mteja, ya kawaida. Ukiwa msimamizi unaweza kuiunda kwa kuandika amri hii kwenye dirisha la Command Prompt:

`net user Mteja * /add`

Itakuuliza nywila, ukibonyeza Enter mara mbili bila kuandika kitu, akaunti inakuwa haina nywila. Kwa akaunti hii si vibaya, mradi si ya msimamizi.

Kazi inayobaki ni kuifanya isahau. Zamani Windows ilikuwa na akaunti ya Guest kwa shughuli hii, lakini kuanzia Windows 10 iliondolewa kwenye matumizi. Badala yake una njia kadhaa, na hazilingani kwa nguvu.

Ya rahisi ni dirisha la mgeni (Guest) la Chrome. Likifungwa, historia inafutika na akaunti zilizofunguliwa zinatoka. Tatizo lake ni kwamba faili lililopakuliwa linabaki Downloads kama kawaida, na watu wengi wanadhani limeondoka. Kwa hiyo dirisha la mgeni peke yake halitoshi. Ongeza Storage Sense, kifuta-mafaili cha Windows chenyewe, kwenye mipangilio: ukiwa ndani ya akaunti ya Mteja, iagize ifute yaliyomo Downloads ambayo hayajafunguliwa kwa siku 1. Ni bure na imo tayari kwenye Windows 10 na 11. Desktop haiigusi, hiyo mhudumu aifute kwa mkono kila jioni.

Ya nguvu zaidi ni programu ya kugandisha kama Deep Freeze ya kampuni ya Faronics. Ukizima na kuwasha, mashine inarudi ilivyokuwa siku ulipoigandisha: virusi vya flashi, vyeti vilivyosahaulika, mandhari ya skrini aliyobadilisha mtoto, vyote vimekwenda. Inalipiwa, na inataka nidhamu. Mhudumu akihifadhi kazi ya mteja kwenye diski iliyogandishwa, umeme ukikatika kazi imepotea. Mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara, tenga sehemu ya diski isiyogandishwa na uwafundishe wahudumu kuhifadhi huko. Mimi kwa steshenari yenye kompyuta mbili au tatu nisingeanza na Deep Freeze. Ningeanza na akaunti tatu na Storage Sense, kisha nione.

Ipo pia hali ya kompyuta ya pamoja (Shared PC mode) iliyoletwa na Microsoft kwenye Windows 10 toleo la 1607, mwaka 2016. Inafuta akaunti za muda mtu akitoka au diski ikikaribia kujaa. Ni nzuri, lakini inataka Windows ya Pro, Education au Enterprise, na kuiweka si kazi ya mtu aliyezoea kubofya tu.

Kuna jambo ambalo akaunti ya Mteja haitibu. Kwenye steshenari nyingi mteja hagusi kompyuta kabisa. Anasimama upande wa pili wa kaunta anasoma namba, mhudumu anaandika. Hapo vyeti vinaingia kwenye akaunti ya mhudumu, na programu nyingi za skana huhifadhi nakala kwenye Documents au Pictures bila kuuliza. Kwa hali hiyo weka folda moja ya siku, ielekeze skana huko, na ifutwe duka likifungwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zote zinataka taarifa za mtu zisikae muda mrefu kuliko shughuli iliyozileta. Mwenye steshenari anayelundika vitambulisho vya mtaa mzima tangu mwaka juzi ana mzigo ambao hata haumletei faida.

WhatsApp nayo isisahaulike. Mteja akiunganisha simu yake na WhatsApp ya kompyuta ya duka ili atume faili moja, inaweza kubaki imeunganishwa muda mrefu mtu asipoikata. Afadhali duka liwe na namba yake, wateja watume huko.

Nyumbani

Hapa sina mjadala mrefu: kila mtu na akaunti yake, mzazi peke yake awe na ya msimamizi. Hata mzazi huyo, kwa kazi za kila siku, atumie ya kawaida. Mtoto akipakua mchezo wenye kitu cha ajabu ndani, Windows itadai nywila ya msimamizi kabla ya kuuruhusu ubadilishe mashine.

Kuna wanaosema, mbona profaili za Chrome zinatosha? Kila mtu anakuwa na picha yake ndogo pale juu, alamisho zake, barua pepe yake. Kwa kutenganisha mambo zinafaa. Mtu mmoja mwenye barua pepe ya kazi na ya binafsi anazihitaji sana. Kwa kuzuia hazifai kitu. Yeyote aliye kwenye akaunti hiyo ya Windows anabofya picha ya mwenzake, anaingia. Mume na mke wasio na siri wanaweza kuridhika nazo. Kijana wa kidato cha tatu na mdogo wake, sidhani.

Sababu nyingine ya kuwatenga watoto ni Microsoft Family Safety. Inamwekea mtoto mipaka ya muda na tovuti, lakini inafuata akaunti yake yeye. Kama wote mnaingia kwa "User", aidha mnabanwa wote au habanwi mtu. Inataka mtoto awe na akaunti ya Microsoft, siyo ile ya ndani ya mashine tu. Picha za harusi na video za sikukuu ziwekwe Public ili kila mtu azione bila kuombana.

Ofisini

Kwenye SACCOS, zahanati, ofisi ya shule au NGO ndogo, hoja ya kwanza si siri. Ni kuwajibika. Kumbukumbu ya usalama ya Windows inaandika jina la akaunti iliyoingia na saa. Kama wahasibu watatu wanaingia kwa jina "Office", kumbukumbu inasema Office aliingia saa mbili asubuhi, na jedwali la marejesho likibadilishwa hakuna wa kuulizwa. Anayelalamikiwa huwa ni yule mgeni kazini au yule asiyependwa, na hiyo ni sababu tosha ya wafanyakazi wenyewe kudai akaunti zao kabla bosi hajasema.

Hoja ya pili ni OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Mfanyakazi mmoja akiingiza barua pepe yake ya Microsoft kwenye akaunti ya pamoja na kukubali kila anachoulizwa, Desktop na Documents za ofisi nzima zinaweza kuanza kupanda kwenye hifadhi yake binafsi. Ya bure ni GB 5 tu, ikijaa inasimama na kuanza kulalamika. Hapo ofisi ina mafaili yake kwenye barua pepe ya mtu, na mtu huyo hakuwa na nia mbaya yoyote.

Hoja inayotolewa kutetea akaunti ya pamoja ni moja: "Akienda likizo tutapataje kazi zake?" Ni hoja ya kweli, lakini dawa yake si nywila moja kwa wote. Kazi ya ofisi isikae Desktop ya mtu. Iundwe folda ya pamoja, kwenye mashine hiyo au kwenye kompyuta moja ya ofisi, na ruhusa zigawiwe: wahasibu waandike, wengine wasome. Public inafaa kwa fomu tupu na barua za mfano. Kwa vitabu vya hesabu ni wazi mno.

Akaunti ya pamoja ofisini naikubali sehemu mbili: kompyuta ya chumba cha mikutano iliyounganishwa na projekta, na ile ya mapokezi ambapo wageni wanajaza taarifa zao. Hiyo ya mapokezi, kama mna Windows Pro, iwekwe kwenye hali ya programu moja (kiosk), ambapo skrini nzima inaonyesha fomu tu na mgeni hana njia ya kwenda kwingine.

Shuleni

Hesabu ndiyo inayoamua. Maabara ya TEHAMA yenye kompyuta 20 na wanafunzi 400, ukitaka kila mwanafunzi awe na akaunti kwenye kila mashine, ni akaunti 8,000 za kuunda na kurekebisha kila mtu akisahau nywila. Hakuna mwalimu atakayefanya hivyo. Akaunti za binafsi zinawezekana shule ikiwa na seva inayotunza majina yote mahali pamoja, mwanafunzi akaketi popote na kukuta vitu vyake. Seva hiyo inaweza kuwa ya Windows au ya Linux yenye Samba (programu inayoiwezesha kuhudumia kompyuta za Windows), lakini inataka mtu wa kuihudumia.

Bila seva, weka akaunti moja ya pamoja kwa kila kidato, mashine zigandishwe, kazi zihifadhiwe kwenye flashi au folda ya mtandao yenye jina la darasa. Microsoft iliwahi kutoa programu ya bure kwa ajili hii, Windows SteadyState, ikaiondoa mwisho wa 2010, na nyaraka za zamani bado zinaitaja, usiitafute. Ndani ya Windows yenyewe kuna profaili ya lazima: faili la NTUSER.DAT linabadilishwa jina kuwa NTUSER.MAN, na mipangilio aliyovuruga mwanafunzi haihifadhiwi akitoka. Mwalimu awe na akaunti yake kwa hali yoyote. Mitihani isikae mahali wanafunzi wanapoingia, hata kama imefichwa ndani ya folda saba.

Kompyuta zisizo na Windows

Mac inayo akaunti ya mgeni mpaka leo, na inafuta kila kitu mgeni akitoka. Chromebook pia. Kwa sebule ya wageni au nyumba ya kupangisha, hizo zimeshalitatua jambo. Ubuntu ilikuwa nayo, ikaipoteza ilipobadili skrini ya kuingilia kwenye toleo la 17.10. Tena kwenye Ubuntu kabla ya 21.04, folda ya nyumbani ya mtumiaji ilikuwa inasomeka na watumiaji wengine wa mashine. Toleo hilo ndilo lililoifunga. Kama mashine yenu ilisasishwa kutoka matoleo ya nyuma, akaunti za zamani huenda zimebaki wazi. Amri ya `chmod 750` kwenye folda ya kila mtu inamaliza.

Mashine dhaifu

Pingamizi ninalolisikia zaidi kwa mafundi ni kwamba akaunti nyingi zinafanya kompyuta iwe nzito. Nusu ni kweli. Akaunti iliyolala haili RAM. Inayokula ni ile iliyoachwa wazi nyuma mtu alipobofya kubadili mtumiaji badala ya kutoka kabisa. Chrome yake yenye vichupo kumi na tano bado inaendelea. Kwenye mashine yenye RAM ya GB 4 hilo linatosha kuikwamisha. Wazoezeni watu kutoka.

Diski ni kweli. Mashine yenye SSD ya GB 128 na watu sita, kila mmoja na WhatsApp na Chrome yake, itajaa. Hapo akaunti mbili au tatu za binafsi na moja ya pamoja ni mapatano ya haki.

Na msijidanganye kuhusu kiwango cha ulinzi. Siku za Windows 95 ulikuwa unabonyeza Esc kwenye dirisha la nywila na unaingia. Siku hizi si hivyo, ila mtu mwenye flashi ya Linux anaweza kuwasha mashine kwa flashi hiyo na kusoma folda za wote kama diski haijasimbwa, yaani haijageuzwa kuwa isiyosomeka bila ufunguo. Akaunti tofauti zinazuia jirani mdadisi. Mwizi wa laptopu anazuiwa na usimbaji wa diski, kama BitLocker.

Ukiamua kuhama

Usifute akaunti ya zamani siku hiyo hiyo. Unda mpya, kila mtu aingie mara moja ili folda yake itengenezwe, kisha msimamizi anakili kwa kila mtu kilicho chake. Kabla ya hapo kila mmoja atoke kwenye barua pepe zake ndani ya Chrome ya zamani na afute nywila zilizohifadhiwa humo. Programu zilizowekwa kwa ajili ya mtumiaji mmoja hazitaonekana kwa wengine, itabidi ziwekwe upya kwa wote. Za kwenye Program Files zitaonekana. Mtu akisahau nywila yake, msimamizi anaweza kumwekea nyingine, lakini nywila zake za Chrome zinaweza kutofunguka tena.

Na mtu akiacha kazi, angalieni unapofutia. Kwenye Settings, kufuta akaunti kunaondoka na mafaili yake yote. Kwenye Control Panel ya zamani unaulizwa kama uyabakize, nayo yanawekwa kwenye folda juu ya Desktop ya msimamizi: Documents, Pictures na nyingine chache. Downloads haimo, kwa hiyo ipitieni kwanza kwa macho.